Fyuzi ya Chumba cha Tano

Nyumba ya Bi Hind,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Jumapili, 9 Agosti 1981

Mpendwa Dada Evarista,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na shemeji Damiani na watoto wote, na goti lako liwe limetulia kwa kuwa baridi ya mwezi wa saba imekwisha. Mikorosho imechanua vizuri mwaka huu? Mama mdogo Benedikta bado anakwenda misa ya kwanza kwa miguu, au sasa amekubali fimbo? Mimi huku ni mzima wa mwili, kikohozi kidogo tu. Yaliyobaki si ya mwili, na ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Nakuandikia nikiwa barazani, saa tisa mchana. Magari yamezuiwa tangu saa nane ili kuokoa petroli, kama kila Jumapili, na mtaa umetulia hata namsikia Bushiri akikoroma chumbani kwake, yule mpangaji mwenzangu anayeuza vitunguu shimoni, ghorofa ya chini ya soko. Usidhani nimetoka nje kufuata upepo. Chumbani kwangu hakuna umeme, na sababu yake utaijua ukivumilia kurasa chache.

Dada, mwezi wa tatu uliniuliza jambo moja: Hyasinta amerudi nyumbani na cherehani yake, ukimuuliza hasemi, kulikoni? Nikakujibu habari za sukari. Mwezi wa sita ukauliza tena, nikakujazia ukurasa mzima wa foleni ya sabuni. Ulikuwa na haki ya kudhani mdogo wako amesahau kusoma. Sikusahau. Nilikuwa naogopa.

Wewe ndiye mama yake wa ubatizo. Mwaka sabini na sita uliponikabidhi yule binti stendi ya Masasi uliniambia, "Pius, huyu ni wangu, mtazame." Nami nilimtazama. Tatizo ni kwamba nilimtazama kwa macho ya karani wa stoo, ambaye kila anayepita mbele yake humwona kama amebeba kitu mfukoni.

Nyumba hii unaijua kwa barua zangu. Vyumba sita, ukumbi katikati, uani kuna jiko, bafu na choo. Bi Hind mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele pamoja na friji yake na kiduka chake cha dirishani. Mita ni moja. Bili ikifika tunakaa ukumbini na kuigawana kwa taa: mwenye taa moja sehemu moja, mwenye redio anaongeza nusu, mwenye pasi ya umeme anaongeza nzima. Bi Hind kwa ajili ya friji hulipa sehemu nne na kunung'unika sehemu nane. Tuliishi hivyo kwa amani, maana kila mtu alijua mwenzake ana nini chumbani.

Halafu tukaambiwa nchi nzima tufunge mikanda kwa sababu ya vita na bei ya mafuta. Wengine walifunga yao wakanyamaza. Mimi nilifunga wangu, kisha nikaanza kuwafunga na wenzangu. Unanijua. Shule niliiacha darasa la sita, mengine nimejisomea kwenye karatasi zinazofungiwa vipuri pale karakana ya reli Gerezani, na mtu aliyejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia basi, inatosha. Nikajiteua msimamizi wa umeme. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa.

Nilitoa globu za sitini, nikaweka za ishirini na tano. Bushiri akalalamika kwamba sasa anachagua vitunguu vyake kwa kupapasa. Nikaamuru taarifa ya habari isikilizwe kwa redio moja, milango ikiwa wazi. Kupiga pasi kukawa Jumamosi tu, pasi moja ikipita chumba kwa chumba, na shati la mwisho mara nyingi lilipigwa na chuma baridi na moyo wa kujitolea. Friji nikataka ifunguliwe mara tatu kwa siku. Bi Hind akaniuliza, "Hivi Pius, hii friji ni yangu au imetaifishwa?" Na ile taa ya uani inayomulika njia ya chooni nikaitoa globu yake kabisa. Nilisema watu wazima wanajua choo kilipo.

Shika hiyo taa ya uani, dada. Ndiyo habari yote.

Pamoja na ushujaa wangu, bili ya mwezi wa kumi ilipanda. Ya mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikiwa zimekolea, ikakaribia mara mbili. Fikiria aibu ya msimamizi. Bushiri akasema ukumbini mbele ya watu, "Ndugu msimamizi, tukirudisha globu zetu za zamani si huenda bili ikashuka?" Wakacheka. Nami kicheko kile kiliniingia vibaya. Tangu siku ile sikuwa natafuta umeme unakokwenda. Nilikuwa natafuta mtu.

Wiki ileile Hyasinta alitoka uani na beseni la nguo, akanionyesha vidole.

"Mjomba, ule waya wa kuanikia nguo unaniuma."

"Unauma vipi?"

"Unachoma, kama siafu. Nguo zikiwa mbichi ndiyo zaidi."

Nilicheka, dada. Nikamwambia vidole vya fundi cherehani vimetobolewa na sindano miaka minne, lazima viume vyenyewe. Akacheka kidogo kwa heshima, akaenda kumalizia kuanika kwa kuzishika nguo kwa ncha za kanga yake.

Jumapili iliyofuata, saa kama hizi, nikafanya jaribio. Nilikuwa nimesoma namna yake. Nikawaambia wote wazime kila kitu, hata friji, kisha wasimame ukumbini chini ya mita. Ndani ya mita kuna kisahani kinachozunguka umeme ukiliwa. Kila kitu kimezimwa, na kisahani kinatembea polepole kama mzee anayerudi kutoka sokoni. Watu wakashika midomo. Nikaanza kutoa fyuzi, chumba kimoja kimoja. Cha kwanza, kinatembea. Cha pili, kinatembea. Cha tatu, cha nne. Nilipotoa ya chumba cha tano, kisahani kikasimama.

Chumba cha tano ni cha Hyasinta.

Bushiri akapiga makofi. "Ndiyo maana! Marinda ya zile sare za shule yamenyooka kama wembe. Mkaa hauwezi kazi ile."

"Kaka Bushiri, mimi pasi yangu ya mkaa. Iko pale jikoni, bado ina moto."

"Hiyo ya jikoni ni ya maonyesho. Ya umeme umeilaza wapi?"

Hyasinta akanigeukia mimi. Hakumgeukia Bi Hind mwenye nyumba. "Mjomba, waambie."

Ningeweza kusema: nimekaa na huyu miaka minne, hajachukua hata kibiriti cha mtu. Badala yake nikasema, "Mita haina undugu." Sentensi ile nilikuwa nimeipenda kabla sijaitamka, ndiyo maana niliitamka.

Akafungua sanduku lake mwenyewe, bila kuambiwa. Tukaingia. Mimi ndiye niliyepekua, kwa kuwa wengine waliona haya. Nilitoa nguo zake moja moja, na kile kitenge cha marehemu mama yake alichokifunga kwa utepe nikakifungua na kukikung'uta. Hakikudondosha pasi. Hatukuona chochote, na kwa akili yangu ya stoo, kutokuona ndiko kulikozidi kunithibitishia: mtu anayejua kuficha namna hii si mtu mdogo.

Kikao kikakubali pendekezo langu. Fyuzi ya chumba cha tano itolewe miezi mitatu, na jina la chumba liandikwe kwenye ubao wa ukumbini. Niliandika kwa chaki, herufi kubwa: CHUMBA NA. 5, MHARIBIFU WA UMEME. Mwandiko wangu unaujua, watu huusifu.

Mwezi wa kumi na mbili bili ikashuka. Januari ikashuka tena. Dada, nilisifiwa! Bi Hind aliniletea sahani ya pilau mpaka chumbani. Bushiri akawa ananiita mhandisi, safari hii bila utani.

Na yule binti akawa anashona kwa kibatari. Chumba kile hata mchana ni giza, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Mafuta ya taa yalikuwa ya kupangia foleni, kwa hiyo utambi aliushusha mpaka moto ukawa kama punje ya mtama, na sare za shule za Januari haziwezi kungoja. Asubuhi alikuwa akitoka na masizi puani, macho mekundu, ananiamkia, "Shikamoo mjomba," nami naitikia marahaba huku natazama ubao.

Siku moja ya Januari tulikutana uani. Akaniambia, "Mjomba, siku hizi waya wa nguo hauumi tena."

Nikamjibu, "Umeona? Ulikuwa woga tu."

Alinipa jibu mkononi mara mbili, dada. Mara ya kwanza wakati waya unauma, mara ya pili ulipoacha kuuma. Karani mwenye akili angeweka kalamu chini, ahesabu tarehe. Mimi nilikuwa nimeshashiba pilau.

Mwisho wa Februari alifunga cherehani yake kwenye boksi, akaagana na kila chumba, akapanda basi la Masasi. Kwangu alipiga hodi, akasema, "Mjomba, nakwenda kupumzika macho." Niliamini hivyo, au nilitaka kuamini. Nilimbebea boksi mpaka kwenye basi na nikajiona mtu mwema.

Chumba kikachukuliwa na Sadalla, kijana karani wa posta, mpole, ana taa moja na Kurani moja. Tukarudisha fyuzi. Masika yakaanza. Bili ikapanda.

Hapo hata Bushiri hakucheka. "Mhandisi, huyu naye anapiga marinda?" Sadalla wa watu akaapa mpaka akatoa machozi. Nami usingizi ukaanza kunipungua, kwa sababu kitu kimoja ndani yangu kilikuwa kimeshajua, ila hakijanipa taarifa.

Taarifa aliileta Bi Hind. Mwezi wa tano, mvua imekatika asubuhi, alikwenda uani kuanika shuka. Tulisikia ukelele na beseni likibiringika. Tulimkuta amekaa chini kwenye matope, anatukana kwa Kiarabu. Alipopata pumzi alisema maneno yaleyale: "Waya huu unauma!" Lakini yeye ni mwenye nyumba, kwa hiyo hakuna aliyemcheka. Aliitiwa fundi Mbaruk wa Gerezani palepale, fundi mwenye cheti.

Mbaruk alipanda juu ya boriti za chumba cha tano na tochi. Alikaa huko kidogo, akapiga mluzi. Aliposhuka alikuwa na kipande cha kitambaa cha bluu kilichoungua nusu.

"Nani mwendawazimu aliyeunga waya kwa kitambaa badala ya tepu? Na kaulaza juu ya msumari wa bati! Mvua ikinyesha umeme unapita kwenye bati, unashuka kwenye waya wa nguo na ukuta wote. Mwenye mkono mbichi hapa angekufa." Akakigeuza kile kitambaa. "Kimeshonwa herufi. P.B. Ndiye nani huyo?"

Nilitazama juu, kama vile P.B. anaweza kuwa ndege.

Mwaka sabini na saba, dada, Bi Hind alitaka taa ya uani, tepu hazipatikani mjini, nami nikajitolea. Nilivuta waya kutoka chumba kilicho karibu zaidi, chumba cha tano, nikaunga juu ya boriti kwa kitambaa nilichochana kwenye ovaroli langu kuukuu la reli. Nikala sifa, nikasahau kama mtu anavyosahau chakula cha juzi. Na nilipoitoa globu ya uani kwa ajili ya kubana matumizi, nilikitoa kitu pekee ambacho kingezimika pamoja na chumba cha Hyasinta na kunikumbusha.

Zile herufi mbili za uzi mwekundu alizishona yeye. Ovaroli zilikuwa zinaibwa kazini, akasema, "Lete mjomba, nikuwekee alama." Alizishona kwa mshono mdogo, wa kurudia, ndiyo maana hata moto haukuzimaliza.

Sikusema mara moja. Nisikudanganye. Bushiri ndiye aliyesema, taratibu, "P.B. si wewe, Pius Benjamini?" Ndipo nikaitika, kama shuleni.

Kikao kilifanyika jioni ileile. Nilisema mwenyewe kwamba sheria niliyoitunga ina miezi mitatu na ubao. Bushiri akanipa chaki. "Kwa mwandiko uleule, mhandisi. Tusione tofauti." Nimeandika. Fyuzi yangu anayo Bi Hind, ameifunga kwenye pindo la kanga. Miezi mitatu inakwisha wiki ijayo. Hajaitaja wala sijamwomba.

Sasa unajua kwa nini sikuweza kukujibu mwezi wa sita. Uliandika kwa wema tu, katikati ya habari za mazao, kwamba Hyasinta siku hizi humwita binti wa jirani amtungie uzi kwenye sindano, na kwamba cherehani haijatoka kwenye boksi. Nilikuwa na kibatari changu mezani nilipousoma mstari huo. Sasa ni karibu miezi mitatu nimeishi na moshi ule na macho yananiwasha, nami hata kifungo sishoni.

Habari nyingine ni chache. Sadalla amepata nyumba ya kazini, anahama mwisho wa mwezi. Nilimwendea Bi Hind juu ya chumba cha tano. Akasema, "Chumba ni cha yule binti mpaka aseme hakitaki. Aseme kwa kinywa chake, si kwa kinywa chako. Chako nimeshakisikia." Mbaruk amevuta waya mpya kwa tepu halisi, na taa ya uani inawaka. Bati lililokuwa linavuja nimelibadilisha mimi, lakini umeme sikugusa, nimekatazwa na nyumba nzima. Chumba kile tumekubaliana kiwekwe globu ya mia. Bushiri ndiye aliyependekeza, na ndiye aliyeipata, sijui wapi, sikuuliza.

Pale karakana nimeonana na tabibu wa reli, ameniandikia barua ya kumpeleka mtu kwa madaktari wa macho Muhimbili. Naiambatanisha hapa. Inafaa hata kama hatakaa kwetu, hata kama hataki kuniona. Aje kwa ajili ya macho, afikie popote. Nikiambiwa nisiende kumpokea, sitakwenda.

Sikuombi unitetee, dada. Uliponiambia nimtazame hukumaanisha hivi, na samahani yangu kwako ni ya kwanza kabla ya zote. Naomba tu umkalishe mchana, umsomee barua hii yote, na pale nilipofungua kitenge cha mama yake usiparuke.

Msalimie sana shemeji Damiani. Salamu kwa Mama mdogo Benedikta, kwa Angelina na mtoto wake mchanga ambaye sijamwona, na kwa padri. Bi Hind anakusalimu, na Bushiri pia, ingawa hakujui. Anasema dada aliyemlea mtu kama mimi anahitaji salamu. Mungu akutunze goti na roho, aibariki mikorosho yenu, na ainyooshe safari ya yeyote atakayepanda basi kuja huku.

Kama hatataka kuisikia barua yote, usimlazimishe. Msomee huu mstari mmoja tu, polepole, kisha ukunje karatasi: Hyasinta, ule waya wa nguo ulikuwa unauma.

Mdogo wako akupendaye daima,
Pius